Vyuma vya meno Kampala: kliniki tunayotibiwa mimi na binti yangu

Nilichokipenda zaidi hapa ni kwamba daktari hakukimbilia kufunga vyuma. Binti yangu alipigwa eksirei, akachukuliwa umbo la meno, kisha tukaambiwa tusubiri magego mawili ya utotoni yang'oke kwanza. Mimi niliambiwa wazi: taya la mtu mzima limeshamaliza kukua, kwa hiyo huenda jino moja likang'olewa ili mengine yapate nafasi.

Vyuma vya kawaida ni imara na nafuu. Vya kauri vina rangi ya jino, ila huvunjika upesi. Vile vya plastiki angavu unavivua ukila, lakini lazima vikae mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku. Kwa mtoto msahaulifu sivipendekezi kabisa.

Waya ulipomchoma binti yangu shavuni usiku, nta waliyotupatia kliniki ndiyo ilituokoa: unaifinyanga kidogo kwa vidole, unakausha ile ncha, unaibandika, mtoto analala. Muwa na mahindi ya kuchoma sasa ni marufuku kwetu, na bibi yake amekubali, ingawa kwa shingo upande.

Foleni ya Jumamosi inachosha mno. Na bei ya riteina, kile kifaa cha kushikilia meno yasihame baada ya vyuma, hawakuitaja mwanzoni, jambo lililoniudhi. Wazazi wenzangu, iulizeni siku ya kwanza, maana vyuma vikitolewa usipovaa riteina meno huanza kurudi yalikotoka. Malipo wanapokea kwa awamu, kila mnapokwenda kukaziwa waya.