Injini ya boti iliyozibwa kelele: mpira upi, waya upi

Ukishaziba chumba cha injini kwa sponji la kuzuia kelele, joto nalo umelifungia humo humo. Kwa boti ya bwawa la Mtera, inayoshinda juani hata injini ikiwa imezimwa, mpira hafifu wa kupitisha mafuta hauchukui muda kukakamaa. Ukipanda Dodoma mjini kununua vifaa, hela nyingi iende kwenye mpira wa mafuta.

Wa kwanza ni mpira wa boti ulioandikwa ISO 7840 A1, alama ya kiwango cha kimataifa cha mipira ya mafuta ya boti. Umepimwa kuhimili moto kwa dakika mbili na nusu, muda wa kuzima injini na kushika kizimamoto. Bei yake inauma, na huenda ukalazimika kuagiza Dar.

Wa pili ni wa magari, wenye alama SAE J30R9, unaotumika kwenye injini zinazopuliziwa mafuta kwa sindano (injekta). Joto unaliweza, ila haukupimwa kwa moto kama ule wa kwanza. Kwa dizeli naukubali kwa shingo upande. Kwa petroli ndani ya chumba kilichofungwa, hapana. Kabla hujalipa, ukunje: ukiona nyufa ndogo mgongoni, umezeekea dukani.

Wa mwisho ni ule mweupe unaoona mafuta yakipita. Ukipata joto unalainika, unachomoka kwenye klipu, na sponji linakunywa dizeli yote. Wachie wenye bustani.

Kwenye nyaya, chukua ya boti, yenye nyuzi nyingi nyembamba zilizopakwa bati. Ikwangue kwa kisu: nje nyeupe, ndani nyekundu. Ukikuta kinyume chake, nyekundu nje na nyeupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, irudishe. Waya wa gari unafuata kwa ubora. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene usiuguse, mtikisiko utaukata.

Ongeza vipete vya mpira vya kuvisha kila tundu la kupitisha waya ukutani, maana ukingo wa tundu unakula waya taratibu bila wewe kujua. Tundu liwe dogo, kelele hupenya hata kwenye upenyo mdogo. Lakini njia ya hewa ya injini usiizibe. Acha mpira na waya vilegee kidogo kati ya injini na ukuta, kwa sababu injini inacheza kwenye mauntini zake (vishikizo vyake). Waya upite juu, mafuta chini, na vyote vikae mbali na ekzosi.

Sponji lenyewe? Nunua lenye uso wa karatasi ya fedha. Lile la magodoro linanyonya mafuta.