Hoteli ya kando ya ziwa St. Moritz wakati wa baridi: uzoefu wangu

Ukitaja St. Moritz, mji wa milimani huko Uswisi, watu wanafikiria makoti ya manyoya na saa za bei ya nyumba. Vyote hivyo vipo, lakini vipo juu, sehemu inayoitwa Dorf. Sisi tulifikia chini, upande unaoitwa Bad, hatua chache kutoka ziwani, na hata ningepewa nafasi ya kuchagua tena ningebaki huko huko. Jina la hoteli naliacha, maana nina lawama moja nitakayoitoa mbele kidogo.

Kwanza usafiri: panda treni. Kutoka Zurich unabadilisha Chur, kisha unaingia treni nyekundu ya njia ya Albula, reli iliyofika St. Moritz mwaka 1904 na ambayo tangu 2008 imo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO. Daraja la Landwasser lina kimo cha mita 65, limepinda, na likiisha tu treni inazama kwenye handaki lililotobolewa kwenye jabali. Baada ya Bergün reli inajizungusha mlimani ili ipate kupanda, na kijiji ulichokwisha kukipita unakiona tena chini yako. Kuna wenzetu waliokodi gari. Walifika wamenuna.

Chumba kilikuwa cha mbao za Arve, msonobari wa milima hiyo, na harufu yake inakupokea mlangoni. Kila mtu ana duveti lake kitandani, hakuna kuvutana usiku. Joto la ndani lilitosha, labda hata kupita kiasi: hewa ya huko ni kavu, ukiongeza na hita, koo linaamka kama karatasi. Tukawa tunaanika taulo bichi chumbani, ikasaidia. Chini kulikuwa na chumba cha kukaushia viatu na buti, na hicho, kwa mtu anayekanyaga theluji kutwa, nakithamini kuliko bwawa la kuogelea. Bwawa lenyewe lilikuwa safi, ila kuanzia saa kumi na moja jioni, watu wakirudi kutoka mlimani, hata sauna haina pa kukaa. Nenda asubuhi.

Sasa lawama. Tulilipia chumba "kinachotazama ziwa". Ziwa lilionekana, ndiyo, kati ya miti miwili ya misonobari, kipande cha upana wa mlango. Pale mapokezi walikuwa na adabu sana na hawakuwa na chumba kingine. Kwa hiyo kabla ya kulipa, waandikie uulize ghorofa ya ngapi na kuna nini mbele ya dirisha. Uliza pia kodi ya wageni, inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Kwetu haikuwemo kwenye bei ya awali.

Lakini kilichotupeleka ni ziwa, na ziwa halikutuangusha. Liko mita 1,768 juu ya usawa wa bahari na kwa kawaida huanza kuganda Desemba. Usikimbilie kulikanyaga siku hiyo hiyo. Subiri wenyeji wapime unene na kufungua njia. Likishafunguliwa linakuwa uwanja. Watu wanatembea na mbwa, wanasukuma watoto kwenye sleji, na Februari, kwa Jumapili tatu, kuna mashindano ya farasi ya White Turf, yanayofanyika juu ya barafu hiyo tangu 1907. Kuna mbio moja ambayo farasi hana mpanda farasi: anamvuta mtu aliyevaa skii, theluji inamrukia usoni, naye ameng'ang'ania kamba. Nimetazama michezo mingi, huo sikuuelewa ila nilipiga kelele na wenzangu. Jioni baridi ikizidi, barafu inanguruma kwa kujikaza na kupasuka ndani kwa ndani. Mara ya kwanza nilisimama kama nguzo. Bibi mmoja aliyekuwa akipita alicheka tu.

Kitu kingine ni jua. Inasimuliwa kwamba mwaka 1864 mwenye hoteli wa huko, Johannes Badrutt, aliwaambia wageni wake Waingereza wa kiangazi warudi wakati wa baridi, na wasiporidhika angewalipia safari. Walirudi, wakakaa. Mchana tulikuwa tunakunywa kahawa nje bila kofia, na usiku kipimajoto kikashuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Paka losheni ya jua na uvae miwani, kwa sababu theluji inakurudishia mwanga wote usoni. Sisi wenye ngozi nyeusi tunajidanganya kwamba hayatuhusu. Midomo yangu ilichubuka.

Chakula cha usiku kilikuwa kimeingizwa kwenye bei, na nakushauri uchague hivyo, maana mezani kwenye migahawa faranga za Uswisi zinayeyuka. Supu ya shayiri niliirudia kila ilipotokea. Keki ya jozi na karameli ni tamu mno, kipande kimoja mle wawili. Maji ya bomba yanakunywika, usinunue ya chupa.

Tiketi ya basi tulipewa na hoteli, kwa hiyo kupanda Dorf kutazama madirisha ya maduka hakukutugharimu kitu. Kama huna mpango wa kuteleza kwa skii, bado nenda: njia za miguu zinasafishwa vizuri. Nikirudi nitachagua Januari, kabla ya mashindano, na chumba cha ghorofa ya juu.