Mwaka Mmoja na Programu ya Kutafuta Maneno ya Kiingereza kwa Herufi: Uzoefu Wangu

Nimeitumia programu hii ya mtandaoni kwa mwaka mmoja sasa, karibu kila jioni, na jambo la kwanza ninalotaka kumweleza anayefikiria kuitumia ni kwamba thamani yake haiko katika wingi wa maneno inayoyatoa, bali katika jinsi inavyomlazimu mtumiaji ajue hasa anatafuta nini. Kazi yake inaonekana nyepesi: unaandika herufi, nayo inakuletea maneno ya Kiingereza yenye herufi hizo. Hata hivyo, kauli hiyo ya "yenye herufi hizo" ina maana tatu tofauti, na programu nyingine nilizozijaribu hapo awali zilizichanganya zote katika kisanduku kimoja.

Hapa vipo vitufe vitatu. Nilipoandika a, r na t, kitufe cha kwanza kilitafuta maneno yenye herufi hizo popote zilipo na kwa mpangilio wowote, kikanipa carpet, theatre na traffic. Cha pili kilidai zifuatane kama nilivyoziandika, hivyo traffic likatoweka, yakabaki maneno kama party, heart na article. Cha tatu kilichukulia kwamba herufi hizo ndizo pekee nilizo nazo mkononi, kikanirudishia art, rat, tar na at. Mchezaji wa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vipande vya herufi, ambaye mbele yake ana vipande saba tu, anahitaji hicho cha tatu. Anayecheza Wordle, mchezo wa kubahatisha neno lililofichwa, ambaye ameshajua herufi mbili au tatu zilizomo lakini hajui zinakaa wapi, anahitaji cha kwanza, tena akiwa amebainisha kwamba neno liwe na herufi tano.

Kwangu mimi niliyelelewa na Kiswahili, lugha ambayo sikio huongoza kalamu, kitufe cha pili kimekuwa mwalimu kweli kweli. Niliandika ough, nikaona though, through, tough, cough na thorough yakiwa yamepangwa pamoja, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nilikuwa nikiyakosea kwa miaka mingi: herufi ni zilezile nne, lakini though huishia kwa sauti ya "o", through kwa "u", na tough kwa "f". Maneno ya namna hii hayajifunzwi kwa kusikia. Yanajifunzwa kwa macho, na macho yanahitaji kuyaona yakiwa kundi moja.

Kisanduku cha herufi zisizotakiwa nacho kina mafunzo yake. Nilipoziondoa irabu zote tano, nilishangaa kuona maneno mengi yamebaki, likiwamo rhythm. Nilipoiacha e peke yake nikapata strengths, neno la herufi tisa lenye irabu moja tu. Kwa msemaji wa lugha ambayo maneno yake ya asili huishia kwa irabu, orodha kama hiyo inaeleza vizuri kuliko somo lolote kwa nini ulimi wetu hukwama pale unapokwama. (Nilipotafuta maneno yanayoishia kwa ari, nilifurahi kukutana na safari, neno letu, likiwa limetulia katikati ya maneno ya Kiingereza kama mwenyeji.)

Majibu huja papo hapo. Mbinu inayoweza kuleta kasi hiyo, hasa kwa maneno yanayotumia herufi zako zote, ni rahisi: herufi za kila neno hupangwa kwa alfabeti mapema, na kwa hiyo listen, silent, enlist na tinsel yote huhifadhiwa chini ya ufunguo mmoja, eilnst. Mtumiaji akiandika herufi zake kwa mpangilio wowote, zinapangwa vivyo hivyo, na ufunguo unafungua.

Kasoro zipo, na moja inaniudhi. Kitufe cha kwanza hakihesabu herufi zinazojirudia. Niliandika z mbili nikitaraji puzzle, dizzy na jazz, nikaletewa pia zero na prize, kana kwamba z ya pili sikuiandika. Kitufe cha tatu huhesabu vizuri zaidi, lakini hakijali seti halisi ya mchezo: ukikiandikia herufi zote za pizzazz, kinalikubali neno hilo kuwa linachezeka katika Scrabble, ilhali seti ya Kiingereza yenye vipande 100 ina z moja tu na vipande vitupu viwili vinavyoweza kusimama badala ya herufi yoyote, hivyo z nne haziwezi kupatikana kamwe.

Kasoro nyingine ni kwamba programu haisemi inatumia orodha ipi ya maneno. Jambo hili si dogo, kwa sababu orodha ya Collins inayotumika Uingereza na katika nchi nyingi huyakubali maneno kama ch na zo, ambayo orodha ya Marekani huyakataa. Niliwahi kucheza zo kwa kujiamini kabisa mbele ya mwenzangu aliyezoea orodha ya Marekani, nikapoteza zamu. Wenye programu wangeandika mstari mmoja tu juu ya matokeo, tatizo lingekwisha. Vilevile, maneno hutolewa bila maana zake, na neno lisilo na maana kichwani mwa mtu halikai.

Kwa sababu hiyo sasa huanza kwa karatasi. Naandika maneno yangu mwenyewe kwa dakika tano, ndipo nabonyeza kitufe. Jana nilikuwa na a, e, i, n, r, s na t. Kwa juhudi zangu nilipata retains na nastier, programu ikaniongezea retinas, stainer na retsina. Hilo la mwisho, ambalo ni jina la mvinyo wa Kigiriki, ilinibidi nilifungulie kamusi.