Kupimiwa udongo kwenye kiwanja cha mteremko Lushoto: kazi ya mashimo nzuri, maji yamepuuzwa

Nyota 3 kati ya 5. Kiwanja kinashuka mita 1 kwa kila mita 3. Nililipia mashimo 3 ya kuchimbwa kwa mkono hadi mita 3, kipimo cha DCP kando ya kila shimo (ile nyundo ya kilo 8 inayoangushwa sentimita 57.5 kusukuma chuma ardhini huku mapigo yakihesabiwa; mapigo machache maana yake udongo ni laini), maabara na ripoti.

Mashimo waliyapanga vizuri: moja juu mteremko utakapokatwa, moja katikati, moja ukingo wa chini. La chini peke yake limerudisha gharama. Kwa macho ni udongo mwekundu safi, lakini kwenye sentimita 90 kikatoka kipande cha rambo, na chini yake utepe mweusi wenye mizizi iliyooza. Yaani huo wekundu wote ni kifusi kilichosukumwa kutoka juu, na utepe ndio uso wa zamani wa ardhi. DCP ikakubaliana: pigo 1 au 2 kwa kila sentimita 10, kisha chini ya utepe 8 hadi 9. Ukiweka msingi pale, upande mmoja wa nyumba unatitia na ukuta unapasuka mshazari.

Shimo la juu DCP iligoma kwenye mita 1.2 wakaandika "mwamba". Niliomba warudie mita 1 pembeni, ikapita mpaka vyuma vikaisha, mita 2. Lilikuwa jiwe tu lililobaki ndani ya mwamba uliooza. Usikubali neno "mwamba" kwa pigo la sehemu moja.

Tatizo ni maji. Walikuja Septemba, ripoti ikasema "maji hayakuonekana". Sawa, ila maelezo yao wenyewe ya shimo la juu, kati ya mita 1.6 na 2, yanataja mabaka ya kijivu na ya rangi ya kutu. Udongo hupata mabaka hayo ukilowa muda mrefu kila msimu na kukosa hewa. Aliyeandika hitimisho ni kama hakusoma ukurasa wa pili.

Bomba la kupimia maji halikuwa kwenye bei, niliongeza. PVC ya inchi 2, mita 4, mita ya chini imekatwa nyufa kwa msumeno na kufungwa kitambaa cha kuchujia, mchanga wa mto kuizunguka, juu sentimita 50 za mfinyanzi ulioshindiliwa ili mvua isiingie kutoka juu, na kifuniko. Unashusha kamba yenye nati mara moja kwa wiki. Aprili maji yalisimama mita 1.4 kutoka usoni mwa ardhi.

Hiyo namba ilibadilisha mchoro. Ukuta wa kuzuia udongo wa mita 2 ukijaa maji nyuma, maji pekee yanausukuma kwa karibu tani 2 kwa kila mita ya urefu, mbali na udongo. Sasa ukuta una kokoto nyuma, bomba la kutolea maji kwenye kitako na matundu ya kuvujia.

Kingine: mashimo waliyafukia kwa koleo bila kushindilia. Kabla ya kumalizia malipo, dai umbali wa kila shimo kutoka kwenye bikoni (alama za mpaka wa kiwanja). La katikati kwangu liko chini ya mstari wa msingi, na fundi itabidi alichimbue upya.