Kubaki au kukimbilia ughaibuni: njia mbili za mpinzani wa Czechoslovakia

Tangu vifaru vya Kisovieti viingie Praha, mji mkuu wa Czechoslovakia, mwaka 1968, mjadala ulikuwa uleule: mpinzani wa utawala wa kikomunisti abaki au aondoke?

Kwa usalama, aliyeondoka alikuwa na nafuu kubwa. Jan Patočka, msemaji wa Mkataba wa 77, tamko la wapinzani lililodai haki za binadamu, alifariki Machi 1977 baada ya kuhojiwa na polisi kwa saa nyingi. Mwandishi wa tamthilia Václav Havel alikataa nafasi ya kwenda Marekani, akakaa gerezani kuanzia 1979 hadi 1983.

Kwa uzito wa neno, naona waliobaki waliwazidi wenzao: hakuna aliyeweza kuwaambia wanapiga kelele kutoka mbali. Kilichowashinda ni usambazaji, maana waliandika kwa taipureta na karatasi za kaboni, nakala chache kila mara. Hapo ughaibuni ndiko kulikofaa. Mwandishi Josef Škvorecký na mkewe Zdena Salivarová walianzisha nyumba ya uchapishaji Toronto mwaka 1971, wakatoa vitabu zaidi ya 200. Gharama ya kuondoka ilikuwa uraia. Mwandishi Milan Kundera alivuliwa wake 1979.

Mzazi ambaye wanawe walinyimwa masomo kwa ajili yake, simlaumu kuondoka. Ambaye wenzake walikuwa kifungoni, namwelewa alipobaki. Mwandishi Pavel Kohout hakupewa hata nafasi ya kuchagua: mwaka 1979 alizuiwa kurudi kwao.