Mtandao upi wa simu ununue? Uliza kwanza kifurushi kikiisha nini hutokea

Tangazo la mtandao wa simu huwa na herufi za aina mbili: kubwa za bei na dakika, na zile ndogo za "vigezo na masharti kuzingatiwa". Wanunuzi wengi hulinganisha zile kubwa. Hapa nimepanga aina za laini kwa kusoma zile ndogo, na hasa kwa kuuliza swali moja: kifurushi kikiisha ukiwa katikati ya video, nini hutokea? Ipo mitandao inayokata intaneti na kukutumia ujumbe. Ipo inayopunguza kasi. Na ipo inayohamia kwenye salio lako kimyakimya, kwa bei ya nje ya kifurushi, ambayo kwa kila MB huweza kuwa mara kadhaa ya ile uliyoizoea. Mtandao wa namna hiyo ya tatu unaweza kuwa na bei nzuri kuliko yote bangoni na bado ukala fedha kuliko yote mfukoni.

Kabla ya bei, mnara

Laini ya bei nafuu isiyosoma chumbani kwako ni ghali. Ramani za mitandao huchorwa kwa hesabu za kompyuta, na nyingi huonyesha hali ya mtu aliyesimama nje, si aliyekaa nyuma ya ukuta wa zege. Masafa ya chini ya mawimbi ya redio, kama 700, 800 na 900 MHz, hufika mbali na kupenya kuta. Ya juu, kama 2600 na 3500 MHz, hubeba data nyingi lakini huchoka mapema. Ndiyo maana mtandao wenye 5G ya kasi barabarani huweza kukata kauli ukiingia ndani.

Dawa ni kujaribu. Nunua laini ya malipo ya kabla, iweke kwenye nafasi ya pili ya simu yako, uzunguke nayo wiki nzima nyumbani, kazini na njiani. Pima jioni, wakati kila mtu yuko mtandaoni. Vijiti vinavyojaa juu ya kioo huonyesha nguvu ya mawimbi tu. Havisemi ni watu wangapi wanagombania mnara uleule.

Ikague na simu yenyewe. Mitandao kadhaa duniani imeshazima 3G, na simu isiyoweza kupiga kupitia 4G, uwezo unaoitwa VoLTE, hushuka hadi 2G au hushindwa kupiga kabisa. Na kama simu imefungwa kwa mtandao mmoja, laini ya mwingine haitasoma hata iwe nzuri namna gani.

Mpangilio, kuanzia bora

Namba moja ni malipo ya kabla yenye kifurushi kisicho na mwisho wa muda. Bei yake kwa GB huwa juu kuliko ya kifurushi cha mwezi, na hapo ndipo watu wengi hukipita. Lakini linganisha data uliyotumia, si uliyonunua. Ukinunua GB 10 za siku 30 ukatumia 6, nyingine zikayeyuka, kila GB uliyotumia imepanda bei kwa theluthi mbili. Kifurushi kisichoisha muda huondoa hasara hiyo. Soma jambo moja tu kwenye masharti: laini ikikaa bila kutumika kwa muda fulani, mara nyingi miezi kadhaa, hufungwa na kilichomo huondoka nayo.

Namba mbili ni kifurushi cha mwezi cha malipo ya kabla, kwa mtu anayejua matumizi yake. Hapa hesabu siku. "Mwezi" wa siku 28 utaununua mara 13 kwa mwaka, si 12, kwa hiyo kifurushi cha siku 28 kilicho rahisi kidogo kuliko cha siku 30 huenda kisiwe rahisi hata kidogo. Angalia pia mgawanyo wa ndani. GB 10 zilizoandikwa kwa herufi kubwa zinaweza kuwa 4 za saa zote, 4 za usiku wa manane na 2 za mitandao ya kijamii pekee. Dakika nazo huenda zikawa za kupiga ndani ya mtandao mmoja, jambo lisilo na faida kama ndugu na wateja wako wako kwingine. Bora ni kifurushi kinachobeba masalio ukijiunga tena kabla hakijaisha.

Namba tatu naziweka kampuni zisizo na minara yao, zinazokodi ya wengine na kuuza kwa jina lao. Mara nyingi bei zao ni nzuri na masharti ni mafupi. Zingekuwa juu zaidi isipokuwa kwa jambo moja: mnara ukielemewa, mwenye mnara anaweza kuwatanguliza wateja wake mwenyewe. Uliza wanatumia minara ya nani, kisha ufanye lile jaribio la jioni.

Namba nne ni malipo ya baada, laini peke yake, bila mkataba mrefu. Ubaya wake hauko kwenye bei bali kwenye kukosa ukuta: salio haliishi, linageuka deni. Usikubali bila kuweka kikomo cha matumizi, na kiwe kikomo kinachokata huduma, si kinachotuma ujumbe wa onyo halafu bili inaendelea kupanda.

Namba tano, mkataba wa simu na laini pamoja. Hesabu yake ni nyepesi na wauzaji hawapendi uifanye. Zidisha malipo ya mwezi kwa 24, au kwa urefu wowote wa mkataba, na ongeza kianzio. Toa gharama ya huduma ileile bila simu kwa miezi hiyohiyo. Kinachobaki ndiyo bei halisi ya simu. Ilinganishe na ya dukani. Kisha uliza mwezi wa 25 utalipa kiasi gani, kwa sababu baadhi ya mikataba huendelea kudai kiasi kilekile wakati simu imeshalipwa. Uliza na kama bei inaweza kupandishwa katikati, na kuvunja mkataba kunagharimu nini.

Chini kabisa ni vifurushi vya siku na vya saa. Sivikatai kwa safari au dharura, na mwenye kipato cha kutwa hana haja ya kuhubiriwa kuhusu kununua kwa jumla. Lakini kwa matumizi ya kila siku, bei yake kwa GB kwa kawaida ndiyo ya juu, na muda wake hukatika kabla ya data. Kinachovizidi kwa ughali ni kutumia intaneti bila kifurushi chochote.

Kuhusu "bila kikomo"

Karibu kila mara kikomo kipo, chini ya jina la matumizi ya haki. Ukifika GB kadhaa, kasi hushushwa. Tafuta namba mbili: inashushwa baada ya GB ngapi, na hadi kasi gani. Tofauti ni kubwa. Kwa kbps 512 (kbps ni kilobiti kwa sekunde, kipimo cha kasi) bado utatuma ujumbe na kusoma habari. Kwa kbps 128, picha moja ya MB 1 huchukua dakika nzima hivi kufunguka. Mwenye kuangalia video nyingi ajipime kwanza: saa moja ya video ya ubora wa HD inaweza kufikia GB 3, na ya kawaida hukaribia GB 1 au chini yake.

Makato yanayopita mlangoni bila kubisha

Uliza simu hutozwa kwa sekunde au kwa dakika. Kwa dakika, maongezi ya sekunde 61 ni dakika mbili, na mwenye kupiga simu fupi nyingi ndiye anayeumia.

Ujumbe mfupi hubeba herufi 160. Ukiweka kikatuni kimoja cha tabasamu, uwezo unashuka hadi 70, na ujumbe uleule unahesabika kuwa miwili au mitatu. Mwenye SMS za kifurushi hataona. Anayelipia kila mmoja ataona.

Huduma za kujiunga ndizo sugu: miito ya simu, dondoo za mpira, nyota, bahati nasibu. Huingia kwa kubofya kitufe kimoja kisicho na maana na hukata kidogo kidogo kila siku. Piga huduma kwa wateja, waambie wakutajie kila huduma uliyounganishwa nayo, wazitoe, kisha wazuie zisiingie tena. Huo nao ni mtihani wa mtandao: unaokufanya uzunguke menyu saba kujitoa unajua unachofanya.

Kukopa salio kuna riba hata kama hakuna anayeiita hivyo. Ukikatwa moja ya kumi kwa deni utakalolipa keshokutwa, hiyo ni riba ambayo hungeikubali benki. Na kifurushi kinachojirudia chenyewe kizime siku hiyohiyo unapokinunua.

Namba ya ng'ambo ikikubipu mara moja na kukata, usiipigie. Baadhi ni namba za malipo maalumu, na faida hutokana na sekunde unazosubiri.

Ukivuka mpaka

Hapa ndipo bili kubwa kuliko zote huzaliwa. Ukiwa nchi nyingine unaweza kutozwa hata kwa kupokea simu, na programu zinazojisasisha zenyewe hula data usiku ukiwa umelala. Kuna mipaka iliyopata nafuu: ndani ya Umoja wa Ulaya, ada hizo za ziada ziliondolewa Juni 2017, kwa matumizi ya kawaida ya msafiri. Kwingine usidhani. Mtandao wa melini na wa ndegeni hupitia setilaiti na kwa kawaida haumo katika ofa za nchi yoyote. Wakazi wa mpakani nao wachague mtandao kwa mkono kwenye mipangilio, la sivyo simu itadaka mnara wa jirani wakiwa sebuleni kwao. Kwa safari ndefu, laini ya huko au eSIM ya data, yaani laini isiyo na kadi inayowekwa ndani ya simu kwa mipangilio, huwa nafuu, huku namba yako ya kawaida ikibaki kwa kupokea ujumbe tu.

Kabla ya kuhama

Pale sheria inaporuhusu kuhama mtandao bila kubadili namba, itumie. Ndiyo silaha pekee ambayo kampuni zinaiogopa. Usiifunge laini ya zamani mwenyewe, maana namba iliyofungwa haihamishiki. Tumia au toa salio lililobaki, kwa kuwa vifurushi na salio kwa kawaida havihami pamoja na namba, na kama kuna fedha kwenye akaunti ya simu, zitoe kwanza. Ukiamua kuchukua namba mpya kabisa, badilisha namba benki, kwenye barua pepe na kwenye kila programu inayokutumia namba za siri, kabla ya kuiacha ya zamani. Baada ya muda kampuni humpa mtu mwingine namba hiyo, na ujumbe wako utaanza kuingia kwake.