Tahadhari kwa wanaoandaa meza za maonyesho: muuzaji wa stendi za vito za "mbao ngumu"

Ndugu zangu mnaotengeneza na kuuza vito, naandika haya nikiwa na hasira ambayo wiki mbili sasa haijapoa, na nikiwa na aibu pia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiwahimiza wenzangu wasinunue kitu cha mbao bila kukigeuza chini juu. Nimetapeliwa. Aliyenitapeli bado anauza, bado anatuma picha zilezile kila asubuhi, na najua wapo miongoni mwenu walioanza kuzungumza naye kwa ajili ya maonyesho yajayo.

Mnajua mkono wangu ulivyo tangu lile tukio la msumeno, kwa hiyo sitarudia kueleza kwa nini safari hii sikukata mbao mwenyewe. Nilihitaji vipande vilivyokwisha kukatwa: vifua kumi na viwili vya kuonyeshea mikufu, nguzo nane za bangili zenye umbo la herufi T, vibao vya hereni vyenye matundu, na mahameli nyeusi ya kuvifunika. Kazi yangu ingebaki kupiga msasa, kuunganisha, kubandika kitambaa na kupaka vanishi.

Alikuja mwenyewe na sampuli. Aliitoa ndani ya kitambaa cheupe polepole, akaiweka juu ya meza yangu ya kazi, kisha akaisukuma kwa kidole ili nione kwamba haianguki. Nilikigonga kile kifua kwa kifundo cha kidole nikasikia mlio mkavu wa mbao iliyokauka sawasawa. Nilikigeuza, nikafuata mishipa ya mbao kwa macho kutoka usoni hadi ukingoni, na ilipita bila kukatika, jambo ambalo huwezi kulipata kwenye ubao uliobandikwa karatasi. Nilikikwaruza kwa ukucha mahali pasipoonekana, nikakinusa, na muda wote huo yeye alinyamaza tu akiniangalia. Nilipomaliza aliniomba mkufu wangu mzito kuliko yote, akaufunga kwa nyuma kwa vidole viwili, akauweka sawa hadi kito cha katikati kikatua penyewe kwenye bonde la kifua, akarudi nyuma hatua moja. Nilikiona kile kito kama watakavyokiona wateja. Hapo ndipo nilipokwisha, nakiri.

Msiniambie nilikuwa na tamaa ya bei nafuu, kwa sababu bei yake haikuwa nafuu. Nilimwamini kwa sababu aliijua kazi. Yeye mwenyewe, bila mimi kumuuliza, alinionya kuhusu mahameli mbaya. Alieleza kwamba fedha ya 925, yale madini tunayotengenezea vito, ina sehemu 925 za fedha halisi katika kila 1,000 na zilizobaki kwa kawaida ni shaba, na kwamba huwa nyeusi ikikaa karibu na vitu vinavyotoa hewa yenye salfa, kama sufu, baadhi ya aina za mpira, na vitambaa vyenye rangi au gundi isiyofaa. Akanitajia hata kipimo cha Oddy, kilichotokea British Museum mwaka 1973, ambapo kipande cha kitu kinachochunguzwa hufungiwa ndani ya chupa yenye unyevu pamoja na vipande vya madini ya fedha, shaba na risasi, kikaachwa siku 28 kwenye joto la nyuzi 60 za Selsiasi, ili wenye majumba ya makumbusho waone kama kitaharibu vitu vyao vya madini. Alisema mahameli yake imefaulu kipimo hicho. Nilikwenda kusoma usiku ule nikakuta kipimo kipo kweli na kinafanywa hivyohivyo alivyosema, nami nikajiambia kwamba mtu anayejua mambo haya hawezi kuwa mwizi. Hili ndilo linaloniuma kuliko pesa zenyewe: alichukua maneno ya kweli akayatumia kama chambo.

Nilitanguliza nusu ya malipo. Asubuhi ya kupokea mzigo alinitumia video ya boksi lililofunguliwa, na juu kabisa kilikuwapo kifua kilekile, nilikitambua kwa doa dogo la fundo karibu na shingo. Akapiga simu akisema gari liko tayari, dereva hawezi kusubiri, na kuna mteja mwingine anayeutaka mzigo wote endapo mimi sina salio. Nilikuwa nimesimama nikiwa na gundi mkononi. Nilijifuta kwenye aproni, kidole gumba kikabaki kinanata, nikabonyeza namba ya siri kwa kidole cha kati, na fedha zote zikaondoka kabla sijakaa chini.

Maboksi yalifika mchana. Kwa macho kila kitu kilikuwa kizuri. Nilichukua kitambaa chenye maji kidogo kufuta vumbi kwenye kitako cha kifua cha kwanza, na pembeni ngozi ya "mbao" ikajikunja kama lebo ya chupa. Ilikuwa karatasi iliyochapwa mishipa, na chini yake zilikuwa nyuzinyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, yaani ubao wa kiwandani uitwao MDF. Kufikia asubuhi kitako hicho kilikuwa kimevimba. Nilipojaribu kukaza skrubu kwenye ukingo wa nguzo ya bangili, ubao ulipasuka matabaka matabaka. Uzito haukunisaidia kung'amua mapema, kwani MDF ni nzito, nzito hata kuliko mbao nyingi laini. Mahameli nayo niliifungia ndani ya kopo pamoja na pete ya fedha na pamba yenye unyevu, na pete nyingine nikaiweka kwenye kopo jingine bila kitambaa. Siku ya sita pete ya kopo la kwanza ilikuwa na rangi ya chai iliyokolea, na ile ya pili ilikuwa inang'aa kama nilivyoiweka. Kitambaa hicho ningekiweka chini ya kazi zangu zote.

Nilipompigia aliniita dada yangu, akadai wasafirishaji wamebadilisha mzigo. Siku iliyofuata akasema sampuli ni ya kuonyeshea tu na kila mfanyabiashara analijua hilo. Siku ya tatu akanifungia simu. Mwenzetu wa shanga, yule tunayekaa naye meza za jirani, aliposikia alilia, kwa sababu naye alinyamazia yaleyale miezi iliyopita kwa aibu.

Mtu huyu hastahili onyo, anastahili kurudisha kila alichokula na kufikishwa mahakamani. Waandaaji wa maonyesho wamnyime meza popote, na wanaomuuzia hiyo karatasi ya mishipa wakijua anaitumia kudanganyia watu nao wahojiwe.

Mniwie radhi, nilitaka kueleza dalili pia. Sampuli haiachi kwako hata usiku mmoja, huikunja tena kwenye kitambaa chake cheupe na kuondoka nayo. Picha zake zote zina ukuta mmoja nyuma. Hapendi upige picha kichwa cha ubao, pale msumeno ulipopita, nami niliona hivyo nikapuuza. Jina la ukurasa wake limebadilika mara mbili tangu nimfahamu. Mengine nitayakumbuka, lakini kwa sasa kichwa changu kimejaa zile video zake na sauti yake ya upole.

Simtaji hapa kwa sababu malalamiko yangu yako polisi, ila yeyote aliyeombwa malipo ya kutanguliza kwa stendi za namna hii aniandikie faragha nami nitamwonyesha picha. Wenye risiti zake msizitupe. Kile kifua kilichovimba nimekifunga kwenye mfuko pamoja na ile pete iliyobadilika rangi, na kesho asubuhi navipeleka kituoni pamoja na mwenzetu wa shanga, ambaye hatimaye amekubali kuandika maelezo yake.